Mtoto mchanga hana shida, mwenye kesi ni kaka mtu

Wakuu habari za masiku. Najua nimepotea humu ila sababu ninayo, mama watoto alijifungua mwezi wa sita, mtoto wa kike, mama na mtoto wote wazima tunamshukuru Mungu. Sasa kabla ya hongera zenu naomba niseme kitu ambacho wote walionipa ushauri kipindi cha mimba walikiruka. Kila mtu alikuwa ananiambia jiandae na mtoto, nunua hiki nunua kile, usiku hutalala wewe utaona. Hakuna aliyesema jiandae na huyu uliyenaye. Maana kiukweli hapa ndani mchanga hana shida kabisa yani, ananyonya, anachafua nepi, analala, akiamka anadai ziwa anapewa, kesi imeisha. Mwenye kesi ni kaka mtu, anakaribia miaka mitatu, na mpaka mwezi wa tano alikuwa anajua hii nyumba, huyu mama, lile godoro kubwa na hata rimoti ya tv ni mali yake peke yake.

Tumwite Mtemi, ndo jina analoitwa na bibi yake mzaa mama, na bibi ni Mgogo wa Mpwapwa kwa hiyo cheo cha utemi hakitoi hovyo.

Tunaishi Nzuguni, hapa Dodoma, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Mimi na mama Mtemi wote tumeajiriwa sekta binafsi. Kwa wasiojua, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, kama ni mapacha 100, baba anapewa siku 3 na inabidi uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, ukichelewa imekula kwako. Siku tatu jamani! Moja inaishia hospitali na chupa ya chai na makanga, ya pili unatafuta kuku, ya tatu unapokea wageni na kuomba viti kwa jirani, ya nne uko ofisini unasinzia mbele ya kompyuta. Mimi nikaunganisha na likizo yangu ya mwaka, zile siku 28, nilikuwa nimeitunza tangu mwezi wa kwanza kwa kazi hii tu. Kuna mzee mmoja pale ofisini akaniuliza kwani wewe ndo umejifungua? Nikamwambia shikamoo mzee, nikasaini fomu nikaondoka.

Tulichokubaliana na mama Mtemi ni hiki, yeye na mchanga, mimi na Mtemi. Rahisi kusema. Ukiwa na mtoto mmoja mnaweza kupokezana, huyu akichoka yule anashika, wakiwa wawili kupokezana kunakufa hapohapo, kila mtu ana wake. Kazi ya huyo mkubwa usiidharau, anataka kujua kwanini kuku hana meno, anataka kuvaa viatu peke yake na kushoto akiweka kulia ukimrekebisha anavua vyote anaanza upya, na haya yote mnayafanya kwa kunong'ona kwa sababu mchanga amelala.

Suala la kulala tuliliwahi mapema. Mtemi alikuwa analala katikati yetu, mwezi wa nne tukamhamishia chumba cha pili, mimi nikahama naye, godoro chini, chandarua juu. Ndio najua Dodoma malaria sio ya kutisha ukilinganisha na Kigoma au Geita lakini mbu hajui takwimu. Tulimhamisha mapema makusudi, ili mtoto akija yeye awe ashazoea chumba "chake", asije akaona kuna mtu kaja leo na leoleo kamnyang'anya nafasi. Hiyo ilisaidia sana, ningeambiwa nitaje kitu kimoja tu tulichopatia ningetaja hicho. Ila usiku mchanga akilia Mtemi naye anaamka, anakaa kitako gizani anauliza "analia nani?" kila usiku, swali lilelile, na ukimjibu anasema "mwambie anyamaze" halafu analala yeye, wewe ndo unabaki macho.

Wiki ya kwanza alikuwa malaika. Anambusu mtoto, anaita wenzake waje kuona "mtoto wetu", tukasema afadhali jamani. Wiki ya pili nadhani akagundua kwamba huyu mgeni haondoki. Akaanza kuongea kitoto, yule aliyekuwa anasema sentensi nzima akarudi kwenye "ga ga". Akataka abebwe na mbeleko. Akataka ziwa, na alishaachishwa alipotimiza miaka miwili wala hakuwa na habari nalo. Nepi alishaacha siku nyingi, sasa siku moja kapanda kwenye kochi la sebuleni, kasimama, kaniangalia usoni mimi baba yake mzazi, na huku ananiangalia akakojoa. Taratibu. Hana haraka.

Watu walivyosikia hiyo habari ushauri ukawa mmoja, chapa. Mimi sikubaliani. Mtoto ambaye dunia yake imepinduliwa wiki mbili zilizopita ukimchapa unamthibitishia anachohofia, kwamba tangu huyu aje yeye hapendwi. Tulichofanya ni kumbadilisha nguo bila hotuba, kochi likatolewa nje likapigwa na jua, na kwa jua na upepo wa Nzuguni saa mbili nyingi likawa limekauka. Hali ya kukojoa iliendelea kidogo ikapungua yenyewe.

Sasa bibi. Mama mkwe alikuja wiki ileile ya kujifungua, akashuka na Kosta kutoka Mpwapwa ana unga wa uwele, karanga, mlenda mkavu, kuku wawili wa kienyeji kwenye tenga na kidumu cha mafuta ya alizeti. Mama huyu ni baraka, nasema wazi, sijui tungefanyaje. Lakini mjue na mimi ni mkwe. Nyumba ya vyumba viwili, bafu moja, na mkwe wako yumo ndani, ile habari ya kutoka bafuni na taulo au kukaa sebuleni na singlendi unaangalia mpira imekwisha, naoga navaa kabisa humohumo bafuni kila kitu kimeloa, natoka nimefunga mpaka kifungo cha juu. Yeye naye akinikuta jikoni anarudi nyuma anasubiri. Tuliongea kwa kupitia Mtemi zaidi ya wiki nzima, "Mtemi mwambie baba yako chai tayari", "Mtemi mwambie bibi asante", na mtoto anapeleka ujumbe hatua mbili anarudi na jibu, kwa muda ule alijiona ana kazi kubwa serikalini.

Na hapo ndo nikaona akili ya yule mama. Yeye aliingia humu ndani akamsalimia Mtemi kabla hajaenda kwa mtoto. "Mume wangu hujambo?" Mnajua utani wetu wa bibi na mjukuu, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi. Akakaa naye kwenye mkeka, akamfungulia ubuyu, wakala, wakaongea mambo yao, na ndipo akasema haya twende tukamuone huyo mke mwenzangu uliyeniletea. Mke mwenza ni mchanga. Kwa hiyo kwenye hesabu za bibi aliyeleta mtoto nyumbani ni Mtemi, yeye ndo mwenye mji, wake zake ni wawili na mmoja ana meno machache na mwingine hana kabisa.

Ngoja niwaambie ile ya shikamoo. Jioni moja narudi dukani namkuta Mtemi amenuna kwenye kona ya kochi, midomo mbele, mama yake ananyonyesha. Mchanga alipomaliza bibi akamchukua, akamcheulisha, akaja naye mpaka pale kwenye kochi akapiga goti mbele ya Mtemi. Kile kiganja kidogo akakishika kwa vidole viwili akakinyoosha, halafu akabana sauti puani akasema, "Shikamoo kaka." Mtemi akanyanyua macho. Muelewe huyu mtoto tangu aanze kuongea kazi yake duniani ni kutoa shikamoo, kwa mama wa dukani, kwa mwenye nyumba, kwa fundi baiskeli, hata kwa watoto wa jirani waliomzidi anaambiwa salimia, hajawahi kupokea hata moja. Akamwangalia bibi, akaniangalia mimi, akavuta kaptula juu akakaa vizuri. "Malahaba. Hujambo?" Bibi na sauti yake ya puani, "Sijambo kaka, umeshindaje?" Akajibu kashinda salama, na akaongeza kwamba leo amekula wali. Tangu siku ile kila asubuhi akitoka kulala anaenda kusimama pembeni ya chandarua cha mama yake anasubiri apewe shikamoo yake, na mtu asipoitoa hatoki pale.

Wageni sasa. Wageni wetu wanapenda sana, wanakuja na sabuni, pampasi, vitenge, hela kwenye bahasha, Mungu awabariki. Lakini mtu anaingia mlangoni, Mtemi yupo pale anaonyesha gari lake la kopo, mgeni anampita moja kwa moja mpaka chumbani, "jamani kako wapi katoto, nione katoto, ooh kamefanana na baba". Mara kumi kwa siku. Mimi nikajipa kazi ya ubaunsa. Mgeni akifika nje namwambia kabisa naomba msalimie mkubwa kwanza, mpe mkono, muulize akuonyeshe mdogo wake. Wengine walicheka, wengine walinuna kidogo, shangazi mmoja alisema watoto wa siku hizi mnawadekeza. Sawa. Ila Mtemi akawa ndo mwenyeji anayepeleka wageni chumbani, anafungua pazia mwenyewe, na akichoka anawaambia "haya mmeona, nendeni". Huyohuyo shangazi ndo alitaka mchanga apewe maji ya uvuguvugu na sukari kidogo kwa sababu Dodoma kuna ukavu, koo litakauka. Tukakataa kwa adabu, miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hayo maziwa yenyewe ni maji tosha hata huku kwetu kwenye vumbi. Kwenye kitovu nilijiandaa kwa vita, nilijua bibi ataleta majivu au mafuta, kumbe yeye ndo alikuwa mkali kuliko nesi, kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake, mtu asikiguse, kikaanguka chenyewe.

Kitu kimoja naomba mkisome vizuri wenye watoto wa umri huu. Mchana mmoja mama Mtemi kaingia bafuni, bibi yuko nje anaosha vyombo, mimi niko mlangoni naongea na mtu wa maji. Mchanga kalazwa kwenye mkeka sebuleni. Nikasikia kimya. Mwenye mtoto wa miaka miwili anajua kimya ni kibaya kuliko kelele. Naingia nakuta Mtemi kachuchumaa, mkono wa kushoto anampapasa mwenzake kichwani kwa upole kabisa, mkono wa kulia ana kipande cha chapati, kona yake ashaiingiza mdomoni kwa mtoto na anamwambia "kula, kula ukue". Nilikitoa kwa kidole, kilikuwa hakijafika ndani, mtoto akapiga chafya akaendelea kushangaa dari. Mtemi akaanza kulia kwa sababu aliona namnyang'anya chakula alichokitoa kwa moyo mweupe, na ni kweli, chapati huyu hampi mtu, hata mimi hanipi. Kwa hiyo tatizo sio wivu tu jamani, hata upendo wake ni wa kuuangalia. Sheria ikapitishwa na bibi siku hiyohiyo, hao wawili hawabaki peke yao hata dakika ya kwenda kuzima jiko, unamchukua mmoja unaondoka naye. Na Mtemi akapewa kazi rasmi, yeye ni wa kuleta nepi safi na kupeleka chafu kwenye beseni, kulisha ni ziwa la mama peke yake.

Nepi zenyewe. Tulianza na za kitambaa mchana, pampasi usiku, kwa sababu ya bei. Dodoma kwa kukausha nguo hamna mji unaotushinda, hasa huu msimu wa mwezi wa sita na wa saba upepo unapiga tangu asubuhi, unaanika unageuka zimekauka. Kasheshe ni kwamba upepo huohuo unaleta vumbi jekundu, nepi nyeupe inarudi na rangi ya tofali, kwa hiyo unavizia, unaanika asubuhi sana unaanua kabla upepo haujachachamaa. Na maji huku mtaani kwetu yanakuja kwa zamu, siku ya zamu hata kama mchanga analia na Mtemi analia mtu mmoja anajaza tanki na madumu yote, hiyo ni ibada. Baridi nayo sio mchezo usiku, watu wa Dar mnadhani Dodoma ni joto tu njooni mwezi wa saba na shati la mikono mifupi muone. Bibi alikuwa anamfunga mchanga manguo mpaka unaona pua tu, mtoto anatoka vipele vya joto, tukapatana kwamba akiwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi halafu wafunikwe wote wawili inatosha. Mafua ya Mtemi yalitusumbua zaidi, vumbi hili kila mtoto anatiririsha pua, tukawa tunamnawisha mikono na uso kila akitoka nje kabla hajaenda kupokea shikamoo.

Nirudi kwenye chakula maana hapa pana jambo. Mtemi alikonda. Sio sana ila miguu ikaonekana, mashavu yakashuka. Jirani mmoja mama wa makamo akaniita pembeni, "baba Mtemi, huyu mtoto angalieni msije mkawa mmembemenda." Nyie mnaojua mnajua hilo neno lina uzito gani kwa baba. Watu wanaamini mtoto anabemendwa mzazi akitoka nje ya ndoa halafu akaja kumbeba, au wazazi wakikutana mama akiwa bado ananyonyesha, mtoto anadhoofu, miguu inalegea. Na mama akiwa ndani na mchanga, arobaini haijaisha, baba anaonekana anazurura na bajaji mjini, mtuhumiwa namba moja unamjua. Nilitamani nimwonyeshe risiti za pampasi kila ninapokwenda.

Mwezi wa sita huwa ni mwezi wa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kwa watoto wadogo, na wa kumi na mbili tena, kwa hiyo nikambeba Mtemi na kadi yake ya kliniki tukaenda. Nesi kampima, kaweka nukta kwenye ule mchoro wa kadi, mstari ulikuwa unapanda vizuri tu mpaka mwezi wa tano halafu umelala. Haujashuka, umelala. Hakuuliza habari za kubemenda wala ndoa yangu. Aliuliza anakula nini, mara ngapi, na nani anakaa naye akila. Hilo la tatu ndo lilinifungua macho. Zamani Mtemi alikuwa anakula na mama yake, tonge moja yeye tonge moja mama, hadithi katikati. Sasa sahani anawekewa kwenye meza ndogo, chakula kilekile cha nyumba nzima, ila hana mtu, anachezea mbili tatu anaenda zake kuchungulia chumbani watu wanafanya nini. Mtoto wa miaka miwili na ushee hali peke yake akashiba.

Tukabadilisha. Asubuhi uji wa uwele wa bibi wenye karanga za kusaga, mimi nakunywa naye kikombe kwa kikombe. Mchana ugali na mlenda, unateleza hauhitaji ubishi, na yai au dagaa wa kusaga ndani yake. Saa kumi ndizi au parachichi. Na chakula cha jioni, hiki ndo muhimu, bibi anamchukua mchanga na mama Mtemi anakaa kwenye mkeka na mwanae mkubwa wanakula sahani moja, mlango umefungwa, simu zetu ziko kwangu. Nusu saa tu. Mimi nilidhani nikicheza na huyu mtoto kutwa nzima nimemaliza, kumbe hakukosa mtu wa kucheza naye, alimkosa mama yake. Kupima kwa mwezi wa saba mstari umenyanyuka. Kuhusu kubemenda mimi sigombani na wazee, ila naona likishatajwa watu wanaanza kuchunguza kitanda cha wazazi na hakuna anayechungulia sahani ya mtoto.

Kwa mama Mtemi niseme kidogo maana ni habari yake sio yangu, amenipa ruhusa ya hiki tu. Siku za mwanzo baada ya kujifungua alikuwa analia bila sababu, nywele imekatika analia, uji umepoa analia. Tuliambiwa ni hali ya kawaida ya homoni kushuka, siku kadhaa inapita, ikizidi wiki mbili mtu anaona giza, halali hata mtoto akilala, hataki kumgusa mtoto, hapo sio deko, hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua, mpelekeni hospitali. Yake ilipita. Ila kilichomliza zaidi alisema ni Mtemi, alikuwa anamuona amesimama mlangoni anamwangalia ananyonyesha mwingine, anajisikia kamsaliti.

Mimi na Mtemi mapumziko yetu ni treni. Toka treni ya umeme ianze safari za Dar mpaka Dodoma mwaka 2024 watoto wa huku wamepata dini mpya. Tunapanda bajaji mpaka sehemu reli inapoonekana vizuri, tunakaa nje ya uzio na karanga zetu, tunasubiri. Wakati mwingine tunasubiri sana. Ikipita haitoi moshi wala haipigi kelele anazozitegemea, inapita tu fyuuu imeondoka, na yeye anapiga makofi halafu anasema tena. Siku moja tumekaa pale akaniuliza hiyo tleni inaenda wapi, nikamwambia Dar. Akatafuna karanga akafikiri. "Mtoto apande." Apande aende wapi? "Dal." Na nani? "Peke yake." Nikamuuliza sasa nani atakupa shikamoo asubuhi, akanyamaza, hilo lilikuwa halijamjia. Mwishoni akasema basi apande lakini alale arudi.

Wiki sita tumemaliza, chanjo imepigwa, matone ya polio na ya kuharisha, sindano za mapajani, na Mtemi alikwenda kama msindikizaji akataka na yeye achomwe, nesi akambandika pamba na plasta mkononi bila sindano, ameikataa kutolewa mpaka ilipobanduka yenyewe. Arobaini imeisha, kuku wameisha. Sasa hivi kinachotuumiza kichwa ni hesabu. Likizo ya mama Mtemi inaisha mwishoni mwa mwezi wa nane, siku 84 ni kama miezi mitatu pungufu, na kliniki wanasema miezi sita ziwa tupu. Sasa hapo katikati nani ananyonyesha? Sheria inampa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, ni msaada, tutaomba awe anatoka mapema, mengine atakamua, lakini waliotunga hesabu hizo mbili nadhani hawakuwahi kukaa meza moja.

Na bibi anaondoka. Uwele wake umevunwa umelala nyumbani unasubiri kupurwa, kashapiga simu Mpwapwa anasikia mbuzi wa watu wanausogelea, hakai tena. Jana alikuwa anafunga mizigo Mtemi kaenda kumuuliza kama anaondoka na mke mwenzake, akajibiwa mke mwenza anabaki, ni wa kwako utamlea, akaja kuniambia mimi kwa uso wa mtu aliyeachiwa deni.

Dada wa kazi anakuja Jumamosi kutoka Kondoa. Chumba cha pili atalala yeye, kwa hiyo mimi na Mtemi na godoro letu tunahamia sebuleni, mkiniona status zangu saa nane za usiku msiniulize nina nini. Kama kuna mtu ana neti ya kusimama yenyewe, ile ya kukunja, ukubwa wa watu wawili, anicheki bei.